"Fanya tu, tutaonana": Kwa nini sasa naomba avansi kabla ya kuanza kazi



Wiki iliyopita mdogo wetu mmoja wa mwaka wa pili aliniandikia hivi: "Yaya, mtu ameniomba logo ya duka lake. Nimuombe avansi, ao nitaonekana sina adabu?" Nilianza kumjibu kwa mistari mitatu, jibu likawa refu. Nikaona heri niliweke hapa, maana swali hili tunalo wengi, tunaona tu haya kuliuliza.

Mimi nachora kwa kompyuta: logo, afishi, kadi za mwaliko, kaliko, picha za tisheti. Naishi Panda, hapa Likasi. Ofisi sina. Nina kompyuta iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine kabla yangu, simu, na meza karibu na dirisha. Umeme ukikatika, nabeba kompyuta naenda kwa rafiki mwenye paneli ya jua. Nilimaliza masomo na diploma ninayo, lakini hakuna mwalimu aliyenifundisha namna ya kumwambia mtu mzima: "Nipe kwanza kitu, ndipo nianze." Hilo lilinifundisha hasara.

Mwezi wa 11 mwaka 2023 kampeni za uchaguzi zilifunguliwa, na sisi wachoraji tulifurahi. Kila mgombea alitaka uso wake juu ya kitambaa. Mtu wa kampeni ya mgombea mmoja alinifuata: tisheti 40 na kaliko 2. Tulipatana dola 260. Mchapaji wa Lubumbashi alitaka 180 mbele, bila hiyo hagusi mashine. Zilizobaki 80 zilikuwa usafiri na kazi yangu. Nikamuuliza yule bwana, kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba msaada, kama kuna kitu cha kuanzia. Akacheka, akanipiga begani: "Weye fanya tu, tutaonana. Mukubwa akirudi, feza iko."

Nikafanya. Zile 180 nilizitoa wapi? Kwa mama. Ilikuwa zamu yake ya likelemba, alikuwa ameipokea wiki ile ile, alitaka kuongeza mifuko ya unga anaouza. Nikamwambia ni siku kumi tu. Alihesabu feza mara mbili, akanipa.

Tisheti zilifika, watu wakazivaa, wakaimba. Uchaguzi ulipigwa tarehe 20 Desemba. Matokeo yalipotoka, mgombea wetu hakupita. Simu ya yule bwana ikazimwa. Nilikwenda nyumbani kwake mara nne. Mara zote nne aliyefungua mlango alisema amesafiri. Hadi leo barabarani nakutana na watu wamevaa tisheti zangu wakichimba shimo ao wakiosha gari, na mimi njo niliyezilipia. Mama hakunigombeza. Lakini kwa miezi miwili pale sokoni alikaa na nusu mfuko mbele yake, na wenzake wa likelemba walijua sababu. Afadhali angenigombeza.

Baadaye nilijiuliza: kwa nini sikusimama imara siku ile? Niliogopa mambo mawili. La kwanza, ataondoka kwenda kwa mwingine. La pili, nilidhani kuomba avansi ni kumwambia mtu machoni kwamba simwamini. Huku kwetu hilo ni tusi, hasa akiwa amekuzidi miaka.

Sasa angalieni tunavyoishi. Nyumba ya kupanga, unalipa garanti kabla ya kushika ufunguo. Mega za simu unalipa kwanza, ndipo unaingia. Chuo kinataka sehemu ya feza kabla ya mtihani, na hakuna mwanafunzi anayesema rekta amemtukana. Fundi wa kujenga anataka ya kuanzia. Mama anayeshona nguo za arusi anataka nusu, na anasema bila kupepesa macho. Ni sisi tu wa kompyuta tunaofikiri kwamba kazi yetu haina gharama, juu mteja haoni simenti wala uzi. Lakini mega zimeisha, mafuta ya jenereta yamenunuliwa, na usiku tatu hukulala.

Na kama kuna mji unaojua hatari ya kufanya kazi leo na kulipwa "tutaonana", ni huu wetu. Likasi, uliokuwa ukiitwa Jadotville, ulikua kwa shaba. Wazee wetu walizoea mpango ulio wazi: unafanya kazi kwa kampani, kuna posho, kuna mwisho wa mwezi. Halafu Gécamines ikaanguka. Mishahara ikachelewa miezi, kisha miezi mingi zaidi, na watu waliendelea kuamka asubuhi kwenda kazini. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wengi wetu tuna baba, babu ao jirani aliyekuwa katika hesabu ile. Basi mtoto wa nyumba kama hiyo, anapotoa kazi mbele bila kitu mkononi, anarudia kwa hiari yake jambo ambalo wazee walilipata kwa nguvu.

Tuje kwenye neno lenyewe, maana lina faida. Mdomoni tunasema avansi, kwenye karatasi tunaandika akonti. Kiswahili cha pwani kina neno la zamani, arbuni: feza ya kuonyesha kwamba mnunuzi hafanyi mchezo. Limetoka Kiarabu, na ni ndugu wa neno la Kifaransa arrhes, ambalo lilipita Kigiriki na Kilatini likitoka katika lugha za huko huko Mashariki ya Kati. Yaani wafanyabiashara wa zamani sana walikuwa tayari na shida yetu, na dawa walishaipata.

Lakini arrhes na akonti si kitu kimoja. Sheria ya kiraia ya Ufaransa, kifungu cha 1590, inasema ahadi ya kuuza ikifungwa kwa arrhes, kila upande unaweza kujitoa: aliyetoa anaipoteza feza yake, na aliyepokea anarudisha mara mbili. Akonti ni sehemu ya bei yenyewe. Ukishaitoa ao kuipokea, mmefungwa wote wawili, kazi iendelee hadi mwisho. Njo maana kwenye risiti zangu naandika akonti, na naongeza mstari mmoja unaosema itakuwaje mtu akijitoa. Sheria yetu ya mikataba hapa Kongo, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, inasema katika kifungu cha 33 kwamba makubaliano yaliyofanywa kwa njia ya sheria yanakuwa sheria kwa wale walioyafanya. Kwa hiyo karatasi ndogo yenye sahihi mbili si mchezo.

Rudini kidogo kwenye ile "mara mbili". Sheria ya zamani ilimbana mpokeaji. Iliona kwamba anayeshika feza ya mtu bila kufanya kazi ana kosa pia. Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu na mimi nilipita hapo.

Baada ya mambo ya kampeni, nilikuwa mkali. Mama mmoja alikuja, binti yake anaolewa, anataka kadi 150. Nikasema avansi dola 60, akatoa pale pale, noti safi. Wiki ile mdogo wangu aliugua. Feza ilikuwa mfukoni, nikaitumia hospitali. Nilijiambia nitairudisha kazi nyingine ikiingia. Kazi nyingine haikuingia. Mchapaji akangoja, mama wa arusi akapiga simu, mimi nikaanza kusema bongo: mara umeme, mara mashine, mara barabara. Kadi zilifika siku tatu kabla ya arusi, nyingine zilitawanywa kwa kupiga picha na kutuma kwenye simu. Siku ya kuzipokea alinilipa zilizobaki zote, hakupunguza hata franga. Kisha akasema: "Mwanangu, mimi sikukunyima avansi. Weye umeninyima kazi."

Siku ile nilielewa kwa nini wateja wengi wanakataa. Si kwamba wote ni wezi. Wengi wameumwa na sisi: na fundi wa mlango aliyekula avansi akahamia Kolwezi, na mshonaji, na mchoraji. Anaposema "fanya tu, tutaonana", wakati mwingine anajikinga tu, kama sisi. Basi kuomba avansi ni nusu ya somo. Nusu ya pili ni kuilinda.

Sasa nieleze ninavyofanya.

Kwanza, kiasi gani? Wengi wanasema nusu kwa nusu, na kwa logo ni sawa, maana pale unatumia muda na mega tu. Lakini kazi ikiwa na kuchapa, nusu ni mtego. Chukua kadi 150: karatasi, bahasha na kuchapa dola 75, usafiri wa kwenda Lubumbashi na kurudi 15, kuchora 40. Jumla 130. Nusu yake ni 65, lakini kitakachotoka mfukoni mwako ni 90. Ukichukua nusu, umemkopesha mteja dola 25 bila yeye kujua, na bila wewe kujua. Hesabu yangu ni hii: kila kitu kitakachotoka mfukoni, halafu robo ya kazi yangu juu yake. 90 na 10, ni 100. Zinabaki 30 siku ya kupokea. Akipotea katikati, sijapata faida kubwa, lakini mama yangu hajaguswa.

Kazi ndogo ya chini ya dola 10, chukua yote mara moja, kugawa ni kujisumbua. Kazi kubwa ya wiki nyingi, gawa mara tatu: 40 kwa mia mwanzoni, 30 mteja anapokubali mchoro, 30 kabla ya kumpa faili za mwisho.

Pili, namna ya kusema. Hapa njo penye haya. Usianze na feza, wala usiombe radhi. Anza na shukrani, taja siku, taja sababu, taja atakachopata. Mimi kwa mzee nasema hivi: "Papa, asante kunifikiria. Kadi zitakuwa mkononi mwako siku ya kumi tangu avansi kuingia. Ya kuanza ni dola 100, juu mchapaji anataka feza mbele. Zile 30 utanipa siku utakapopokea. Nitakuandikia karatasi, nisipofanya vile tumepatana, uniitie kwa karatasi hiyo." Halafu nanyamaza. Kunyamaza ni kugumu kuliko kusema. Ukiendelea kuongea utajikuta umeshusha bei peke yako.

Akisema, "Mwanangu, haunijui mimi?" usibishane. Mwambie: "Papa, mimi nakujua. Mchapaji ndiye hakujui." Wengi wanacheka, mkono unaingia mfukoni. Asiyecheka, akasema ataenda kwa mwingine, msindikize mpaka mlangoni kwa heshima. Mimi waliondoka wawili mwaka jana. Mmoja alirudi. Yule mwingine alimwachia kijana wa mtaa wa pili deni, kijana akaja kunisimulia.

Tatu, andika. Usingoje kujua mambo ya sheria. Ujumbe mmoja wa WhatsApp unatosha kuanzia: kazi ni nini, bei yote, avansi, kinachobaki, siku, na marekebisho mangapi. Mimi natoa mara mbili. Ya tatu inalipiwa. Andika kama bei ni dola ao franga, na kama ni franga, kwa kiwango cha siku gani, maana kiwango hakilali. Muombe mteja ajibu "nimekubali". Feza ikipita kwa M-Pesa ao Airtel Money, ule ujumbe wa simu usiufute. Ikiwa noti, ziangalie mbele yake bila haya: noti ya dola iliyochanika hata kidogo mchapaji ataikataa, na ukishafika nyumbani ni yako hiyo.

Nne, siku zinahesabiwa tangu avansi kuingia, si tangu tuongee. Mambo ya arusi yanaongewa miezi mitatu, avansi inakuja wiki ya mwisho, na wewe unaitwa mvivu. Sema mapema.

Tano, unachomwonyesha kabla ya kumaliza kulipa kiwe picha ndogo, jina lako limepita katikati. Faili kubwa inatoka siku deni linapokwisha. Sifanyi hivyo kwa ukali; nawaambia siku ya kwanza, hakuna anayeshangaa siku ya mwisho.

Sita, familia na kanisa. Huku ndiko tunakofia. Mimi nina kanuni moja: napunguza kazi yangu, sipunguzi ya mchapaji. Baba mdogo akitaka kaliko, mkono wangu ninaweza kumpa bure, na ninamwandikia: "Kuchora dola 15, zawadi yangu kwako. Kuchapa dola 20, ya kutoa kwanza." Akiona 15 imeandikwa, anajua amepewa kitu. Usipoandika, atadhani hakuna kazi iliyofanyika, na kesho atakuletea rafiki zake wote kwa bei hiyo hiyo ya bure.

Kuna jambo moja siwezi kuliombea avansi: kilio. Nyumba ikiwa na msiba, watu wameketi chini, mimi siendi kusema maneno ya robo na nusu. Naichora picha ya marehemu kama mchango wangu. Lakini hata pale, kuchapa tisheti kunalipwa na wale wanaokusanya michango, wanampa mchapaji mkono kwa mkono. Mimi sishiki feza ya kilio. Imenisaidia sana, na hakuna aliyenilaumu.

Saba, na hii njo kubwa: avansi si ya kwako bado. Ni deni la kazi limekaa kwako. Nina namba ya pili ya simu kwa ajili hiyo tu. Avansi inaingia humo, inatoka kwenda kwa mchapaji, basi. Ile robo ya kazi yangu naigusa siku mchoro unapokubaliwa, si kabla. Nyumbani wanajua kwamba namba ile hata mtu akiugua haiguswi. Kwa ugonjwa tuna bahasha nyingine, ndogo, lakini ni ya kweli. Na siku nikishindwa kazi, ninairudisha avansi yote kabla ya kuombwa. Ilishatokea mara moja. Niliumia, lakini yule mteja njo ananiletea watu wengi kuliko wote.

Ndugu zangu, kuna watakaosema: hayo ni ya wenye jina, sisi wa kuanza tukiomba avansi tutakufa njaa. Nawaelewa. Siku ya kwanza huna kazi za kuonyesha, mteja akuamini kwa nini? Basi anza na kidogo. Chora sampuli tatu za kazi ambazo hakuna aliyekuomba, uwe na kitu cha kuonyesha. Omba avansi hata ya dola 5 kwa kazi ya 15. Kile kiasi kidogo hakitakutajirisha. Kinakuonyesha tu kama mtu huyu ana nia. Aliyekosa 5 leo, usitegemee atakuwa na 15 Jumamosi.

Mdogo wangu aliyeniuliza, jibu lako hili hapa: muombe. Adabu iko katika namna ya kuomba, na katika kufanya kazi kwa siku uliyosema. Kumfanyia mtu kazi ukiwa na hasira moyoni, kisha kumkimbiza barabarani miezi sita, hiyo siyo adabu kwa yeyote.

Zile 180 za mama nilizirudisha kidogo kidogo: 20, 30, mara moja 10. Nilimaliza mwezi wa 8 mwaka 2024. Siku nilipompa ya mwisho alihesabu mara mbili, kama siku ile aliponipa. Mwezi jana alinikuta nikiandika bei ya kaliko, akasimama nyuma yangu akasoma. Akauliza: "Na huyu, ametoa ya kuanza?" Nikasema ndiyo, mama, iko. Akaenda kupika bukari.

Nanyi mnaoshona, mnaopiga picha, mnaotengeneza simu, mnaosahihisha kazi za wanafunzi: kwenu mnaanzaje? Nani aliwahi kula avansi na akaweza kurudi kwa mteja wake? Semeni, tusaidiane.